Namba Iliyobaki Nyeupe

Kituo cha Hali ya Hewa, nyumbani
4 Machi

Mdogo wangu,

Nakusalimu. Mimi mzima, nyumba nayo nzima, ila paa linavuja pale pale linapovuja siku zote, juu ya mlango wa jikoni. Mwezi uliopita nilipima mvua milimita mia na nne, na nadhani nne kati ya hizo ziliingia jikoni. Jirani yetu Bi Kigoda anakusalimu sana. Bado anashona, bado anatembea na kigoda chake kila aendako, na bado anauliza kama umeolewa. Nilimwambia siku ukiolewa nitapandisha bendera kwenye mlingoti wangu wa kupimia upepo. Akasema, "Basi huo mlingoti utaoza kwanza."

Habari kubwa ni hii. Jumatatu tarehe 17 Februari meli ya wiki iliteremsha watu wanne wenye masanduku ya barafu. Wakatukusanya shuleni, wakaeleza kwamba wanataka kujua nani hapa kisiwani aliwahi kupata ile homa ya macho mekundu na nani hakuipata, na kwamba damu hukumbuka ugonjwa hata mwenye damu akisahau. Fundi wa boti akanyoosha mkono. "Damu yangu isiulizwe mambo ya nyuma, nina mke." Watu walicheka mpaka mkuu wa msafara, mwanamama wa miwani, akavua miwani akasubiri.

Walipouliza nani ana mwandiko unaosomeka, shule nzima ikanigeukia. Kwa hiyo siku nne nilikuwa karani. Mtu anakaa, Nesi anamtoa damu, mimi naandika jina daftarini na namba kwenye kichupa. Daftari la majina limebaki hapa, kwenye kabati la zahanati. Zilizosafiri ni namba tu. Nilipoona anwani kwenye sanduku nilicheka peke yangu: ni maabara yako. Utazijua zile namba moja zangu, zenye kofia na kiatu, ulizokuwa ukinicheka ulipokuwa darasa la pili. Mimi nilijiandika wa mwisho, namba 118. Ukikutana nayo uisalimie.

Tarehe 11 mwezi ujao mama atatimiza miaka ishirini na sita tangu atutoke. Nitafyeka kaburini kama kawaida. Wengi tuliokuwepo mwaka ule tunazeeka sasa, na wewe ulikuwa bweni, kwa hiyo nakukumbusha kwamba neno lake la mwisho lilikuwa lako: "Mwambieni amalize shule." Hujaja mwaka wa tisa huu. Silaumu, nataja hesabu tu.

Kaka yako

*

Mjini
2 Aprili

Kaka yangu,

Barua yako niliikuta chini ya mlango, nikaisoma nikiwa bado na mkoba begani. Mimi sijambo. Chumba ni kile kile cha ghorofa ya tatu, na dirisha linatazama ukuta wa jengo jingine. Mwezi huu ukuta umepakwa rangi, kwa hiyo nina mandhari mpya. Mwenzangu wa maabara amehamishwa. Penye meza yake wameweka friji. Linanguruma, nami nimeanza kulijibu.

Vichupa vyenu vilifika salama. Nilizijua moja zako kabla sijasoma anwani. Nikueleze tunavyofanya, maana najua utapenda kuandika kwenye shajara yako. Tuna sahani ya plastiki yenye vishimo tisini na sita, kila kimoja kidogo kuliko kifungo cha shati. Chini ya kila kishimo vimebandikwa vipande vya virusi vya ile homa, vilivyokwisha kufa. Natia tone la maji ya damu ya mtu mmoja. Kama mtu huyo aliwahi kuugua, kingamwili zake zitavishika vile vipande na kubaki humo hata nikiosha mara tano. Nikitia dawa ya mwisho, kishimo chake kinageuka manjano. Kama hakuwahi, zinaoshwa zote, na kishimo kinabaki cheupe kama maji. Miaka haifuti. Kuna namba 31 yenu, sijui ni nani, iligeuka manjano kabla sijaweka saa.

Kaka, naomba kitu. Nisimulie tena zile siku sita za mama. Nilikuwa na miaka kumi na minne ulipokuja bweni kuniambia, na nilikuwa nalia, sikusikia yote. Ulikuwa naye chumbani siku zote sita? Ulikunywa kikombe kimoja naye, kama nilivyoelewa?

Nisalimie Bi Kigoda. Mwambie mlingoti using'olewe.

Mdogo wako

*

Kituo cha Hali ya Hewa
28 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu. Nimeipata barua yako tarehe 14 na nimechelewa kujibu kwa sababu ya mvua. Milimita mia mbili na kumi, na mwezi haujaisha. Mfereji wa paa umeanguka upande wa mashariki.

Kuhusu mama nilikwishakueleza. Siku sita, tangu tarehe 5 usiku hadi tarehe 11. Nilikuwa naye chumbani. Nililala sakafuni upande wa dirisha. Nilimpa uji kwa kijiko, na alichobakiza nilikula mimi. Kikombe ndiyo, kimoja. Siku ya sita asubuhi akasema yale maneno juu yako, akageukia ukutani. Sijui kwa nini unayataka upya. Ningekunakilia shajara ya mwaka ule, lakini ililowa paa lilipovuja na kurasa zimegandana.

Kwa nini unauliza sasa?

Nimefyeka kaburini. Kuna mti mdogo umeota pembeni, nimeuacha.

Kaka yako

*

Mjini
12 Mei

Kaka yangu,

Natumaini mfereji umesharudi juu. Mimi nina mafua tu. Jumapili nilishinda chumbani nikasikiliza majirani wakigombana juu ya nani aliacha bomba wazi, na nilipogundua kwamba nimeanza kumpendelea mmoja wao, nikazima taa nikalala mchana.

Sikuulizi tena mambo ya mama. Nilikosea kuuliza.

Lakini nisikilize kwa hili. Kisiwa cha pili, kule mnakobadilishia meli, wamepata wagonjwa wanne wenye macho mekundu. Ni ile ile. Watoto wenu wote na vijana hawana kinga, hilo si siri, ripoti imesema hivyo na chanjo inatafutwa. Na wapo watu wazima pia ambao vishimo vyao vilibaki vyeupe. Wengi nadhani ni walioolewa huko au kuhamia baadaye. Sheria ya kazi hainiruhusu kumwambia mtu yeyote matokeo ya mtu mmoja mmoja, na mimi ndiye ninayewakumbusha wenzangu sheria hiyo. Mtu mzima anapoipata ni mbaya kuliko mtoto.

Njoo huku. Njoo ukae nami miezi miwili. Hujawahi kuona ninapoishi. Nitakupa kitanda, mimi nitalala chini, kuna nafasi kando ya friji langu dogo la chumbani. Mvua mwachie Nesi akupimie. Panda meli ya Jumatatu hiyo hiyo utakayoisoma barua hii, usingoje ya pili yake.

Nakuomba, na wewe unajua mimi si mtu wa kuomba.

Mdogo wako

*

Kituo cha Hali ya Hewa
9 Juni

Mdogo wangu,

Barua yako ya kunialika ilikuja na meli ya mwisho, tarehe 26 Mei. Ilikaa gatini saa mbili. Nilikuwa na muda wa kupanda. Nataka ulijue hilo.

Tarehe 29 mtoto wa mwalimu alifungua macho asubuhi yakiwa kama pilipili. Leo wapo ishirini na tatu. Meli imezuiwa. Barua zinakwenda na boti ya serikali inayoleta dawa, ikibahatika. Shule imekuwa wodi: darasa la kwanza wanaume, la pili wanawake, la tatu watoto, na ubao wa darasa la tatu bado una jedwali la saba ambalo hakuna anayetaka kulifuta.

Nesi ni mmoja. Akaita mkutano uwanjani, akasema, "Nataka walioipata zamani. Hao haiwashiki tena. Nani alikuwepo mwaka ule?" Watu wakaanza kutajana. Bi Kigoda akainuka na kigoda chake akaenda kukaa upande wa Nesi bila kuulizwa. Fundi wa boti akafuata. Halafu mtu akasema, "Na Bwana Mvua! Bwana Mvua alimuuguza mama yake siku sita." Kila mtu anaijua hadithi hiyo. Nimeisimulia mwenyewe. Nikatembea kutoka upande huu wa uwanja hadi ule. Ni hatua kama kumi na nane.

Tarehe 3 Juni simu ya upepo ya zahanati ikaita. Ni maabara yenu. Nesi aliniambia, "Karani, shika kalamu." Zilikuja namba za watu wazima wasio na kinga, ambao wasiruhusiwe kabisa kugusa wagonjwa. Zilikuja kumi na mbili. Niliziandika zote, moja zina kofia na viatu. Ya mwisho ilikuwa 118. Kisha nikafungua daftari la majina, nikatoka uwanjani, nikasoma kwa sauti. Nilisoma majina kumi na moja.

Bi Kigoda alikuwa amekaa mbele yangu. Akaniuliza, "Mbona unameza mate?" Nikamwambia koo limekauka. Akasema, "Haya."

Wewe unajua kuhesabu, sina haja ya kukueleza. Usijibu kwa simu ya upepo. Ile inasikika mpaka gatini.

Leo mvua milimita sifuri.

Kaka yako

*

Mjini
17 Juni

Kaka,

Leo sina salamu.

Nilijua tangu tarehe 24 Machi. Kishimo chako kilibaki cheupe. Nikarudia. Nikafungua kichupa kipya cha dawa nikarudia tena. Mara tatu, cheupe kama maji ya kunywa. Nilijitafutia kila sababu. Nikasema si wote waliokuwa kisiwani mwaka ule waliugua, wapo walioponea chupuchupu, vitabu vinasema hivyo. Ndiyo maana nilikuuliza habari ya kikombe. Nilitaka uniambie hapana, nilikaa mlangoni, nilikuwa mbali naye. Ukanijibu kikombe kimoja. Hakuna mtu anayekunywa kikombe kimoja na mgonjwa wa ile homa siku sita akabaki mweupe. Hukuwepo, kaka.

Ulipokuja bweni mwaka ule ulinishika bega, ukaniambia amesema nimalize shule. Nikamaliza. Kila nilipotaka kuacha niliyasikia yale maneno kwa sauti ya mama. Mimi nimejengwa juu ya yale maneno.

Yote hayo baadaye. Sasa hivi toka humo wodini. Mwambie Nesi unaumwa mgongo. Mwambie lolote, wewe huna shida ya kutunga. Sitaki hata kujua ulikuwa wapi. Siyo kweli, nataka, lakini nataka uniambie ukiwa hai.

Nimekaa mbele ya simu ya upepo leo nikiwa nimeshika kile kidude cha kuongelea. Nikiita, nitakuwa nimelitaja jina lako mbele ya kisiwa kizima, na nimevunja sheria ninayowafundisha wengine. Nimekirudisha. Lakini nakupa mpaka tarehe 30. Nikisikia bado umo, nitaita.

Mdogo wako

*

Shuleni, darasa la kwanza

22 Juni
Mdogo wangu, naandika vipande vipande, kila ninapopata nafasi. Barua yako imefika leo na boti ya dawa. Nimeisoma mara moja tu, inatosha.

Shajara haikulowa. Ninayo hapa. Nitakupa tarehe kama zilivyo.

Tarehe 5 Aprili mwaka ule mama alianza homa. Tarehe 6 nilimwambia nakwenda kisiwa cha pili kumletea dawa. Ni kweli nilikwenda, na ni kweli niliipata. Lakini nilipofunga mfuko nilitia mashati mawili. Mtu anayekwenda kuleta dawa akarudi hatii mashati mawili. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilishawaona waliokufa nyumba ya pili.

Tarehe 8, kule kisiwa cha pili, boti ya serikali ya kuja huku ilipakia masanduku. Nahodha akaniambia, "Kijana, nafasi ya mtu mmoja ipo, panda." Nikampa kifurushi cha mama, nikamwambia nitakuja na ya kesho. Ya kesho haikuwepo. Alijua, na mimi nilijua. Nikakaa juu ya pipa gatini mpaka boti ikawa kama nzi. Siku hiyo shajara inasema hivi: "Mawingu. Upepo wa kusini. Nimebaki." Ni hayo tu.

Nilirudi tarehe 15. Ameshazikwa siku nne.

Yale maneno niliyatunga kwenye ngazi za bweni lako. Nilikuwa nimefikiri utaniuliza alisema nini, na sikuwa na kitu mkononi. Sikujua kwamba utayajengea.

25 Juni
Wagonjwa arobaini na mmoja. Amekufa mtoto wa darasa la tatu, na fundi wa boti ametengeneza jeneza akilia na msumari mdomoni. Mimi nabeba maji, nageuza watu, nafua mashuka. Asubuhi saa tatu natoka kwenda kusoma kipimo cha mvua, narudi.

27 Juni
Leo Bi Kigoda alinisogelea tukiwa tunakamua mashuka, yeye ncha hii na mimi ile.

"Toka humu, mwanangu."

"Nitoke niende wapi?"

"Usinichezee. Mimi ndiye niliyemuuguza mama yako. Wewe ulikuwa wapi sikukuuliza miaka yote hii, na leo sikuulizi. Nakwambia toka."

Mdogo wangu, miaka ishirini na sita nimesimulia ile hadithi mbele yake. Harusini, msibani, kwenye foleni ya damu. Hata siku moja hakuniangusha. Alikuwa anatazama tu sindano yake.

Nikamuuliza alisema nini mama. Akaendelea kukamua.

"Ile dawa yako ilipofika alikuwa anakutaja. Nikamwambia mwanao ndiye huyo kaileta, amesimama nje ya mlango, hawamruhusu kuingia. Uongo ule ni wangu, usinipokonye. Akatulia. Akasema, 'Mwambieni asisimame juani.'"

"Basi?"

"Ulitaka hotuba? Basi. Akalala."

Nilikaa sakafuni na shuka mkononi. Kulikuwa na jua kweli siku hiyo. Nimetazama daftari la zamani la kituo: hapa kisiwani walipima nyuzi thelathini na tatu.

30 Juni
Umeita. Nesi alitoka nje kuja kunitazama. Nikamwambia kile nilichomwambia Bi Kigoda: nimekwisha kuwa humu siku ishirini na saba. Kama imeniingia imeniingia, nikitoka sasa nitaipeleka mitaani. Kama haijaniingia, mashuka bado ni mengi. Nesi akasema mimi ni mpumbavu, halafu akaniomba nimshikie taa. Watu waliosikia simu wameendelea na kazi. Fundi wa boti tu ndiye aliyesema, "Kumbe, Bwana Mvua," na akanipa ndoo.

Usifikiri nafanya ushujaa. Mara ile palikuwa na nafasi ya mtu mmoja, nikaiacha. Nafasi ya namna hiyo sikutegemea ingerudi.

2 Julai
Kichwa.

4 Julai
Mwanga wa dirisha unachoma. Bi Kigoda ameweka kanga dirishani. Kitanda changu ni cha pili kutoka mlangoni. Mvua sikupima leo. Ni mara ya kwanza tangu nianze kazi, andika mahali

*

Mjini
16 Agosti

Kaka yangu,

Mimi sijambo. Nakuandikia hivyo kwanza ili ujue barua hii haina kelele.

Nianze nilipoishia. Tarehe 30 Juni niliita, nikataja jina la mia moja na kumi na nane. Nesi akaondoka kidogo, akarudi akanijibu, "Tunajua. Ameshaambiwa. Hataki." Kisha nilisikia watu wakipumua upande ule. Maabara wamenipa barua ya onyo, imeandikwa vizuri sana, ningependa uuone mwandiko wake. Mkuu wangu alinikabidhi huku akitazama chini.

Baada ya hapo nilikatazwa simu ya upepo, na sikuwa na mtu wa kumuuliza. Nikakumbuka kwamba vipimo vyako vya mvua vinapelekwa mjini kila asubuhi. Nikaenda ofisi ya hali ya hewa. Ni mwendo wa nusu saa kutoka kwangu na sijawahi kuingia, miaka yote hii jina la kituo chako limebandikwa ukutani mwao na mimi nilikuwa napita barabara ya nyuma. Karani akafungua daftari. Tarehe 4 Julai: hakuna taarifa. Tarehe 5: hakuna. Nikawa napita kila asubuhi kabla ya kazi. Alikuwa akiniona tu mlangoni anatikisa kichwa, sikuhitaji hata kuingia.

Tarehe 19 akaniita ndani. Amekasirika. "Wewe ni ndugu wa kituo kile? Kuna mama amekamata simu huko. Namuuliza milimita ngapi, ananiambia vijiko vitatu. Jana kaniambia mvua imelowesha kigoda upande mmoja. Nitaandika nini mimi?" Nikamwambia andika vijiko vitatu. Nilifurahi, na nilipofika barabarani nikaogopa, maana kama ni yeye anayepima, basi wewe hupimi. Nilimuuliza karani amwulize habari zako. Akamwuliza. Jibu aliloandika pembeni ya daftari ni hili: "Amelala." Kaka, sikujua ni kulala kupi, na karani alikataa kuuliza tena. Nimeishi na neno hilo wiki tatu na siku tatu.

Jumatatu tarehe 11 boti ilileta vichupa vya awamu ya pili, na Jumanne nikafungua sanduku. Safari hii namba zimeandikwa na Nesi, vibaya, saba zake kama nyundo. Nikavipanga kwa mstari mmoja mmoja. Sikukimbilia mwisho. Wewe ungefika mwisho kwa utaratibu, na mimi nilikwenda kwa utaratibu. Zipo namba tano hazikuja, na ninajua maana yake.

Cha mwisho sandukuni kilikuwa na mwandiko mwingine. Umetetemeka, umepanda juu kama unaondoka kwenye karatasi. Lakini moja ya kwanza ina kofia na kiatu, na ya pili ina kofia na kiatu.

Nilikaa kwenye kiti cha mwenzangu aliyehamishwa. Baadaye nikaipima. Sheria inataka ndugu apimiwe na mtu mwingine, lakini hakuna mtu mwingine, kuna friji. Niliosha mara tano. Kishimo chako kimegeuka manjano kuliko vyote vya sahani ile, hata 31 haifikii. Nimeandika kwenye fomu: "118, imegeuka." Mkuu ameniuliza kwa nini nimeiandika fomu hiyo kwa wino mwekundu. Nikamwambia kalamu ndiyo iliyokuwa karibu.

Barua yako ilifika jana, Ijumaa. Ilikuwa imezuiwa bandarini siku arobaini wakiogopa karatasi ya wodini. Nimeisoma hadi pale ulipoachia sentensi. Nimeandika mahali, kama ulivyoniambia: tarehe 4 Julai, mvua haikupimwa.

Juu ya yale maneno ya ngazini. Juzi ningekuwa na mengi ya kukuambia. Bado ninayo, usidhani yamekwisha, nitayaleta. Nitakuuliza ulikaaje na uongo ule mezani na kaburini, na wewe utanijibu. Lakini shule ile nilimaliza mimi, kaka, kwa miguu yangu, na ndiyo iliyonifundisha kukisoma kishimo chako. Na haya ya Bi Kigoda nimeyajaribu kwa sauti ya mama, humu chumbani, nikitazama ule ukuta. Yanamkaa. Hayo ya shule hayakuwahi kumkaa vizuri, kila mara nilikuwa namsikia kama mwalimu. Hili ndilo neno lake. Alikuwa hivyo, mtu anaungua ndani yeye anauliza kama umevaa kofia.

Meli ya wiki inafunguliwa. Nimeomba likizo ya mwezi na sikungoja jibu. Nitapanda Jumatatu tarehe 25 na nitafika kwa saa zile zile za zamani, adhuhuri. Nimenunua bati moja la juu ya mlango wa jikoni, nitalibeba mwenyewe, watu wa melini watanichukia.

Najua utataka kuja gatini. Usije. Umetoka kuumwa, na kivuli pale hakuna. Njia naijua, nitakuja mpaka mlangoni. Ningoje ndani, kaka. Usisimame juani.

Mdogo wako